Korongo wa Ruma, Ningu wa Kuja

Korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa rangi nyeusi na nyeupe, hayumo hatarini duniani. Tanzania wapo, Zambia wapo. Kenya ndiyo iliyobakiwa na Ruma peke yake, mbuga ya kilomita 120 za mraba katika Bonde la Lambwe, Homa Bay. Sensa ya taifa ya 2021 ilihesabu 15 tu. Je, inafaa kuhangaika nao?

Kwa miaka mingi mlinzi wao alikuwa mbung'o. Vichaka vya Lambwe vilijaa mdudu huyo, malale yakaogopwa, ng'ombe wakafa kwa nagana, na nyasi zikabaki bila kulimwa. Hifadhi ilitengwa 1966, ikawa mbuga ya taifa 1983. Wakati huohuo mbung'o alipigwa vita: vichaka vikafyekwa, dawa zikanyunyizwa, ikatungikwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi yenye chambo cha mkojo wa ng'ombe. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Sijasikia aliyemlilia mbung'o, wala mimi simlilii.

Ndama wa korongo hamfuati mama yake mara tu anapozaliwa. Hulala kimya katika nyasi ndefu kwa wiki kadhaa, mama akija kumnyonyesha na kuondoka. Ujanja huo hauzuii moto, fisi wala mbwa wa kijijini. Kundi likiwa dogo hivi, ndama wawili wakipotea mwaka umekwenda bure, na waliobaki huishia kuzaana ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana ukajengwa ua maalumu ndani ya Ruma. Naukubali. Lakini ua ukishindwa, mbegu ya korongo bado iko ng'ambo ya mpaka.

Ningu hana ng'ambo. Samaki huyu anapatikana katika bonde la Ziwa Viktoria tu, na wataalamu wamemweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Mvua zikinyesha hupanda mito kama Kuja, unaopita Migori, kwenda kutaga. Wavuvi walijifunza kumsubiri mlangoni mwa mto, akanaswa na mayai tumboni. Juu ya hayo kuna zebaki ya wachimba dhahabu, na sangara aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, ambaye alichangia kuangamiza aina nyingi za fulu, nyingine kabla hazijapewa jina.

Ningekuwa na shilingi moja ya kuokoa kiumbe, ingekwenda Kuja kabla ya Ruma. Si ghali: ningu tayari ameshazalishwa na watafiti kwenye mabwawa. Kazi iko mtoni. Vifaranga wakiachiliwa huku nyavu zingali zimeziba mlango wa Kuja wakati wa masika, watapandia wapi kutaga?