Kiwewe cha Mama, Mwili wa Kitukuu

Neno kiwewe, ambalo kwa asili hutaja hali ya mtu aliyepumbazwa na hofu ya ghafla hata akakosa la kufanya, limepanuliwa na wataalamu wa saikolojia hadi likabeba maana ya jeraha la nafsi linaloendelea kuuma miaka mingi baada ya tukio lililolisababisha kupita. Siku hizi neno hilo limetwishwa mzigo mwingine, kwani hudaiwa mara kwa mara kwamba kiwewe hurithiwa kama rangi ya macho, na kwamba mjukuu anaweza kubeba mwilini hofu ya bibi ambaye hakuwahi hata kumwona. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini linakosea linapofanya kitu kimoja mambo matatu yaliyo mbalimbali, yaani malezi ya nyumbani, hali ya mji wa mimba, na mbegu zenyewe za uzazi.

Madaktari wa akili walianza kulishughulikia suala hili baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1966 Vivian Rakoff, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, aliandika kuhusu taabu kubwa za nafsi alizoziona kwa watoto wa Wayahudi walionusurika kambi za Wanazi, na maandishi yake yakafuatwa na tafiti nyingi zilizoelekea kuthibitisha kwamba kizazi cha pili nacho kilikuwa kimejeruhiwa. Hata hivyo, anayehesabu homa mlangoni mwa zahanati ataona nchi nzima ina homa. Mwaka 2003 Marinus van IJzendoorn na wenzake walipojumlisha matokeo ya sampuli 32 zenye watu 4,418, walikuta kwamba miongoni mwa watoto wa manusura waliotafutwa mitaani, wala si katika kliniki, hakukuwa na dalili ya kuumwa nafsi zaidi kuliko watu wengine. Matokeo hayo hutajwa kwa nadra katika mijadala ya kiwewe cha kurithi, ingawa yalistahili kutajwa mwanzo kabisa.

Kilichoufufua mjadala huo ni epijenetiki, yaani elimu ya namna jeni zinavyofunguliwa na kufungwa pasipo maandishi yake kubadilishwa. Karibu kila seli, iwe ya ini au ya ubongo, hubeba DNA ileile, uzi wa kikemikali wenye urefu wa takriban mita 2 uliokunjwakunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho, na kinachoitofautisha seli moja na nyingine ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimenyamazishwa. Njia ya kunyamazisha iliyochunguzwa zaidi ni kubandikwa kwa kundi la methili, lenye atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, juu ya uzi huo, mithili ya kitabu ambacho baadhi ya kurasa zake zimebanwa kwa kibanio, kwa hiyo maneno yamo lakini hayasomeki. Katika utafiti wa kiwewe jeni inayotazamwa sana huitwa NR3C1, ambayo hutengeneza kipokezi cha kortisoli, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mtu anapokabiliwa na hatari. Ni kwa kipokezi hicho ubongo hujua kwamba homoni imetosha na kengele inapaswa kuzimwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa panya. Mwaka 2004 maabara za Michael Meaney na Moshe Szyf, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, zilionesha kwamba watoto wa panya waliolambwa sana na mama zao katika siku za kwanza za maisha walikua wakiwa watulivu, ilhali waliolambwa kidogo walikuwa na alama nyingi zaidi za methili kwenye jeni hiyo ndani ya ubongo na walishtuka upesi. Watoto walipobadilishwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, walifuata tabia ya mama mlezi badala ya mama mzazi. Jike aliyelambwa kidogo naye hulamba watoto wake kidogo, na hivyo hofu hupita kizazi hadi kizazi bila yai wala mbegu ya kiume kuhusika kwa lolote. Waliosema mwana hutazama kisogo cha nina walikuwa wakizungumzia mwenendo, na inaelekea kisogo hicho huacha alama hadi ndani ya kiini cha seli.

Kwa binadamu mambo hayapangiki vizuri namna hiyo, na nchi inayolionesha tatizo hilo kuliko nyingine ni Rwanda. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyodumu takriban siku 100 kuanzia Aprili 1994, yaliacha maradhi ambayo Wanyarwanda wanayaita ihahamuka, neno linalohusishwa na mapafu, kana kwamba mtu ameishiwa pumzi kwa hofu. Katika maadhimisho ya kila Aprili, yajulikanayo kama Kwibuka, wapo wanaopiga mayowe na kuanguka kama waliorudishwa katika saa ileile, na miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa baada ya mauaji kwisha. Mwaka 2014 Nader Perroud na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji hayo, pamoja na watoto wao, wakiwalinganisha na wanawake 25 wa asili moja nao waliokuwa wajawazito wakati huo lakini hawakuyapitia. Kwa akina mama walioyapitia na kwa watoto wao, kortisoli ilikuwa chini kuliko ya wenzao, na alama za methili kwenye jeni ya NR3C1 zilikuwa nyingi zaidi.

Wengi walioyasoma matokeo hayo waliyaita urithi, na hapo ndipo neno lilipoteleza. Mtoto aliyekuwa tumboni mwezi Mei 1994 hakurithi tukio ambalo lilimpata mwenyewe, kwani homoni za mama hufika kwake kupitia kondo la nyuma, na njaa na usiku wa kujificha katika vinamasi alivishiriki akiwa kijusi. Baada ya kuzaliwa, wengi wa rika hilo walilelewa na mama mjane katika nyumba isiyo na babu, mjomba wala shangazi, ambamo mambo fulani hayakutajwa na mlango ukigongwa ghafla kila mtu alinyamaza, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutenganisha kilichoingia tumboni na kilichoingia sebuleni. Isitoshe, damu si ubongo, na watu 25 ni wachache mno kubeba hoja kubwa. Kasoro kama hiyo imo katika utafiti mashuhuri wa Rachel Yehuda wa New York kuhusu manusura 32 wa mauaji ya Wayahudi na watoto wao 22, ambamo alama kwenye jeni iitwayo FKBP5 zilikuwa juu kwa wazazi na chini kwa watoto. Magazeti yalitangaza kwamba alama imerithiwa, ilhali alama ya mtoto ilielekea kinyume na ya mzazi.

Kwa njia ya mbegu za uzazi kizuizi ni kikubwa zaidi, kwa kuwa alama nyingi za methili hufutwa mara mbili, kwanza seli zitakazokuwa mayai au mbegu za kiume zinapoumbwa, kisha tena yai likisharutubishwa. Mwaka 2014 Brian Dias na Kerry Ressler wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha jaribio ambalo panya dume walizoeshwa kuogopa harufu fulani kwa kupigwa shoti ya umeme, na watoto na wajukuu wao, ambao hawakuwahi kuinusa, wakaishtukia. Mwanasaikolojia Gregory Francis alijibu kwamba matokeo hayo yalifuatana vizuri mno kuliko inavyotazamiwa kwa idadi ndogo ya panya waliotumika.

Hapa hesabu ya ukoo yenyewe ina neno. Kijusi cha kike huanza kuumbiwa mayai yake yote kikiwa bado tumboni, na kwa hiyo hofu inayompata mwanamke mjamzito huwafikia watu watatu kwa mpigo, yaani yeye mwenyewe, binti yake, na mjukuu ambaye bado ni chembe tu ya yai. Kwa njia ya mama, wa kwanza ambaye mwili wake haukuwamo kabisa katika tukio ni yule ambaye Kiswahili kinamwita kitukuu. Binti aliyekuwa tumboni Kigali wakati wa mauaji ya mwaka 1994 alizaliwa mwaka huo au mwanzoni mwa 1995, na watoto wake, kama amewapata, wengi bado wanasoma shule. Vitukuu wa wajawazito wa mwaka ule, ambao ndio pekee wanaoweza kupimwa kwa swali hili, wengi wao hawajazaliwa.