Namna lahajedwali linavyomfaa mwanafunzi anayejisomea vitabu

MWANAFUNZI wa Gredi ya 7 akiulizwa amesoma vitabu vingapi tangu muhula uanze, mara nyingi hukuna kichwa. Atakitaja kile alichokimaliza juzi, kisha asitesite akitafuta jina la kingine alichokiacha katikati.

Mwalimu naye huwa hana jibu. Kila mwanafunzi ana kitabu chake mkononi, na alama za mtihani hazisemi lolote kuhusu kile ambacho mtoto anakisoma kwa hiari yake.

Hapo ndipo lahajedwali, yaani jedwali la tarakilishi linalojikokotolea hesabu, linapoweza kuwa msaada mkubwa. VisiCalc, programu ya aina hii iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1979, ilipendwa mno na wafanyabiashara kwa kuwarahisishia hesabu. Siku hizi programu kama Excel na Google Sheets hutumiwa na watu wa kila tabaka, nayo LibreOffice Calc hupatikana bila malipo na hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Hata hivyo, chombo hiki hufaa tu iwapo mwenye jedwali ni mwanafunzi mwenyewe. Likigeuzwa kuwa mtego wa kumnasa mvivu, jedwali huiua kiu ya kusoma badala ya kuikuza.

Wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya msingi nchini Kenya waliingia Gredi ya 7 mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi unawataka wasome kwa mapana, yaani wasome matini za aina mbalimbali zaidi ya kile kitabu kilichoteuliwa darasani. Aidha, ujuzi wa kidijitali na uwezo wa kujifunza namna ya kujifunza ni miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi katika mtaala huo. Rekodi ya usomaji hugusa yote hayo kwa pamoja.

Namna ya kuliunda

Jedwali zuri ni lile lenye safu chache. Mwanafunzi akitakiwa kujaza mambo 15 kwa kila kitabu, atachoka kabla ya wiki ya pili kuisha.

Safu saba zinatosha: tarehe ya kuanza, jina la kitabu na mwandishi, lugha, aina ya kitabu, kurasa zilizosomwa, hali, na maoni ya sentensi moja. Kila kitabu hupewa mstari wake mmoja. Mathalan, anayesoma Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 1996, ataandika Kiswahili kwenye safu ya lugha na riwaya kwenye safu ya aina.

Safu ya hali iwe na maneno matatu pekee: Nasoma, Nimemaliza, Nimeacha. Ni heri maneno hayo yawekwe katika orodha ya kuchagua, kwani anayeandika “Nimemalisa” kwa bahati mbaya hatahesabiwa na tarakilishi.

Kosa jingine la kawaida hutokea kwenye safu ya kurasa. Mwanafunzi anapoandika “kurasa 45”, programu huona maneno wala haioni nambari, hivyo huruka kisanduku hicho inapojumlisha. Aandike 45 tu.

Iwapo kurasa ziko katika safu ya E na hali katika safu ya F, fomula =SUM(E2:E40) itatoa jumla ya kurasa zote, nayo =COUNTIF(F2:F40,"Nimemaliza") itahesabu vitabu vilivyokamilishwa. Mwanafunzi aziandike fomula hizo mwenyewe. Akiona jumla ikibadilika mara tu anapoongeza nambari, ataelewa kazi ya lahajedwali kwa njia ambayo maelezo ya ubaoni hayawezi kumpa.

Nambari hizo humsaidia pia kupanga. Tuseme mwanafunzi anasoma kurasa nane kila siku ya shule. Kitabu chenye kurasa 120 kitamchukua siku 15, na katika wiki 12 za masomo atakuwa amesoma kurasa 480, sawa na vitabu vinne vya ukubwa huo. Lengo lililoonekana kuwa mlima huwa kichuguu.

Kulisoma jedwali

Kazi kubwa zaidi huja baada ya kujaza. Jedwali ambalo halizungumziwi ni karatasi tu, hata likiwa ndani ya tarakilishi. Mwalimu akitenga dakika tano na kila mwanafunzi walau mara moja au mbili kwa muhula, mistari hiyo itamfunulia mengi.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyeanza vitabu tisa na kuviacha saba, vyote kabla ya ukurasa wa 20. Ni rahisi kumwita mvivu. Lakini mtu aliyejaribu mara tisa si mvivu. Pengine huchagua vitabu vinavyomzidi kimo, au haoni vyema maandishi madogo. Anahitaji kitabu chepesi zaidi, au kupimwa macho.

Mwingine amemaliza vitabu sita, vyote vya Kiingereza. Huyo aelekezwe kwenye hadithi fupi za Kiswahili, au kitabu cha lugha ya mama kikipatikana.

Wa tatu ameandika kuwa amemaliza vitabu vinne kwa wiki moja, na maoni yake yanafanana na maelezo yaliyochapishwa nyuma ya majalada. Badala ya kumwadhibu, mwalimu amwombe asimulie sehemu iliyomkera au kumfurahisha. Asipoweza, swali la kujiuliza ni nini kilichomfanya aone haja ya kudanganya. Mara nyingi ni mashindano.

Ndiyo maana majedwali hayapaswi kubandikwa ukutani wala kutumiwa kupanga wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto ambaye nyumbani kwao mna rafu ya vitabu na taa ya umeme hashindani kwa usawa na yule anayemsaidia mama kuteka maji jioni, kisha akakuta mafuta ya taa yamekwisha. Mistari michache ya huyo wa pili huenda ikawa ni ushahidi wa uhaba wa vitabu, si wa uzembe. Kenya iliuaga mtihani wa KCPE mwaka wa 2023 baada ya miaka mingi ya kulalamikia kasumba ya alama. Itakuwa ajabu kasumba hiyo ikirejea kupitia dirisha la maktaba.

Penye tarakilishi chache

Shule nyingi hazina tarakilishi za kutosha. Hilo lisiwe kizuizi. Mwanafunzi achore safu hizo saba katika daftari na kuzijaza kila Ijumaa, kisha ahamishe rekodi zake kwenye tarakilishi ya shule zamu yake inapofika, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Baadhi ya shule za msingi, ambazo ndizo zinazohifadhi sekondari ya msingi, zingali na vishikwambi vya mpango wa kidijitali ulioanza mwaka wa 2016, navyo vinaweza kutumiwa iwapo vina programu inayofaa.

Panapotumiwa intaneti, tahadhari ni muhimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Jedwali la mwanafunzi lisiachwe wazi kwa kila mwenye kiungo, na mahali pa jina panaweza kuwekwa nambari.

Wazazi nao wana nafasi. Si lazima mzazi ajue tarakilishi ndipo aulize, “Kitabu chako kimefika wapi?” Swali hilo, likiulizwa kwa upole wakati wa chajio, lina uzito kuliko fomula yoyote.

Mwisho wa mwaka, mwanafunzi atakapofungua jedwali lake ataona safari yake: vitabu alivyovipenda, alivyovitupa, na namna maoni yake yalivyokomaa kutoka “ni kizuri” hadi sentensi yenye hoja. Haba na haba hujaza kibaba, na anayekiona kibaba chake kikijaa hupata hamu ya kuongeza.