Refa na Mshika Kibendera: Lugha Isiyo na Maneno

Mpenzi wa kandanda akifika uwanjani, macho yake huganda kwenye mpira. Mpira ukienda naye huenda, ukirudi naye hurudi. Wale watu watatu waliokabidhiwa mchezo hawakumbuki kabisa, mpaka watakapomkatalia bao lake. Hapo ndipo anapowakumbuka, tena kwa matusi.

Mimi nina ada nyingine. Siku hizi nauacha mpira uende zake, nawatazama marefa wanavyosemezana. Kwani wanasemezana, ndugu msomaji, dakika zote tisini. Hatuwasikii kwa sababu maneno yao ni mkono, jicho, kitambaa na hatua za miguu.

Mtu akitaka kujifunza lugha hiyo, nitamshauri asiende kwenye viwanja vikubwa. Aende Kawangware.

Kawangware iko magharibi ya Nairobi, kwenye barabara ya Naivasha. Ukipanda matatu nambari 46 kutoka mjini utashushwa kwenye kituo ambacho nambari hiyo imegeuka kuwa jina lake. Jirani wa upande mmoja ni Lavington, na bustani zake na miti yake ya kivuli. Upande huu nyumba za mabati zimebanana hata mtu akipiga chafya, jirani humwombea rehema kutoka chumba cha pili. Katika msongamano kama huo kiwanja cha mpira ni kitu adimu. Vijana huchezea viwanja vya shule na vipande vya ardhi vilivyosalimika. Mistari huchorwa kwa chokaa asubuhi, na kufika kipindi cha pili imekwisha futika kwa nyayo. Watazamaji husimama juu ya mstari, wengine ndani yake. Goli lina miti mitatu, nalo halina wavu. Msomaji alikumbuke jambo hilo la wavu.

Katika mechi ndogo ndogo kila timu hutoa mtu wake wa kushika kibendera, na refa mwenye akili humpa mtu huyo kazi moja tu: kuonyesha mpira uliotoka. Habari za kuotea humwambia asijishughulishe nazo, kwa kuwa mwenye timu hana jicho la haki. Lakini Jumamosi moja ya Agosti 2025 nilikuta mashindano yamefika robo fainali, na waliyoyaandaa wameleta watatu waliopitia mafunzo. Mwezi ule ule Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN, na kule Kasarani palikuwa na mitambo ya kuwarudishia waamuzi picha. Hapa palikuwa na kipenga kimoja na vitambaa viwili.

Kabla ya mchezo niliwaona wamesimama kando, vichwa pamoja. Nikasogea. Refa alikuwa mtu wa makamo, na wale wawili vijana wa miaka ishirini na kitu. Walikuwa wakipatana. Mchezaji akiotea, kibendera kiinuliwe wima, na mwenye nacho asimame hapo hapo mpaka refa amwone. Akishaonekana ndipo akielekeze: juu kwa kosa la ng'ambo, sawa na bega kwa kosa la katikati, chini kwa kosa la karibu. Rafu ikitendeka mbele ya mshika kibendera, akitikise. Mpira ukitoka naye hajui umetoka kwa nani, akiinue bila kukielekeza popote na amtazame refa, na refa atamwonyesha upande kwa kidole kilichoshushwa kiunoni, ili watu wasione kuwa mmoja amemwuliza mwenziwe. Ujanja huu wa kidole cha kiunoni ulinifurahisha sana. Ni kama mke anavyomkanyaga mumewe mguu mbele ya wageni.

Kisha wakafikia bao. Likiwa halali, mshika kibendera ageuke akimbie kuelekea katikati ya uwanja, na refa akimwona anakimbia hana haja ya swali. Likiwa na shaka, asiende popote, ashushe kibendera, asimame kama mlingoti na amtazame refa usoni. Refa aliwasisitizia neno moja, akalirudia mara mbili: nikija kwenu mniambie mlichokiona, msiniambie nifanye nini.

Sisi watu wa pwani tunalifahamu neno hilo. Aliyeuona mwezi hasemi kesho ni Idi. Husema nimeuona, mahali fulani, saa fulani. Idi hutangazwa na Kadhi Mkuu. Na sheria za kandanda ndivyo zilivyo: mshika kibendera huashiria, refa huamua.

Kulipokaribia dakika ya sabini, timu zikiwa bao moja kwa moja, kijana wa pembeni alikata mpira wa chini ukapita kando kabisa ya mti wa goli. Wavu ungekuwapo, pasingekuwa na maneno. Watoto waliokuwa nyuma ya goli waliudaka wakaanza kuruka. Wachezaji wakakumbatiana. Umati wa upande mmoja ukamiminika uwanjani, na umati wa upande wa pili ukaja kuukabili. Mechi za mitaani huvunjika hivyo, na zikivunjika wa kwanza kutafutwa huwa ni refa.

Nilimtazama yule kijana wa kibendera. Watazamaji walikuwa wamemmeza nusu, lakini hakusogea. Kitambaa chini, macho kwa refa. Refa naye hakupiga kipenga wala hakunyosha mkono popote. Alimwendea kwa hatua za kawaida, bila kukimbia. Akawafukuza wachezaji wote isipokuwa manahodha wawili, nao akawasimamisha mbali kidogo. Wakasemezana kwa muda wa kusoma Alhamdu. Ndipo refa akanyosha mkono kwenye eneo la kipa: mpira umetoka, upigwe.

Palikuwa na makelele, lakini fujo haikuwapo. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami, shabiki wa hao hao walionyimwa bao, alinieleza sababu kwa uchungu wake wote. Kijana hakukimbia. Angalikimbia hatua tatu kisha akasimama, sote tungesema ametishwa. Kumbe umati nao ulikuwa ukiisoma lugha ile ile. Baada ya mechi nilimwuliza kijana mwenyewe, akaniambia kwa adabu kuwa mpira ulipita nje kwa kadiri ya shubiri moja, na kwamba refa alimwuliza maswali mawili tu: ulikuwa wapi mpira, na wewe ulikuwa wapi.

Wazee wa Mombasa wanaoikumbuka Feisal ilivyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, watakumbuka pia kisa cha mwaka uliofuata. Tarehe 30 Julai 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi zilikuwa mbili kwa mbili katika muda wa ziada. Geoff Hurst alipiga kombora likagonga mtambaa wa panya, likaanguka chini, likarudi uwanjani. Je, lilivuka mstari? Refa Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na hakika. Akamkimbilia mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov, ambaye ni Tawfiki wetu huyu huyu, mtu wa Baku katika Azerbaijan, ingawa magazeti ya Kiingereza yalimwita Mrusi. Lugha ya kuzungumza baina yao ilikuwa haba. Bahramov akatikisa kichwa kukubali, na bao likahesabiwa. Uingereza ikashinda 4-2. Kwao Bahramov aliheshimiwa hata uwanja mkubwa wa Baku ukapewa jina lake. Wajerumani hawajalisahau bao lile mpaka leo.

Watu hubishana kama mpira ulivuka. Mimi sina neno na jicho la Bahramov. Neno langu ni kwamba kutikisa kichwa ni jibu, na ubora wa jibu hutegemea swali, nasi swali hatukulisikia.

Mashindano yale yale yalizaa ishara nyingine. Katika robo fainali nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alifukuzwa na refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, akawa hataki kutoka, huku hawaelewani kwa lugha. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa msimamizi wa marefa, aliondoka akilifikiria jambo hilo, na taa za barabarani zikampa wazo la kadi ya njano na nyekundu. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Siku hizi hata mtoto wa chekechea anazijua.

Vyombo vya kusemea navyo vikaja. Katika Kombe la Dunia la 2006 waamuzi walivaa redio masikioni. Mwaka 2018 picha za VAR ziliandikwa katika sheria. Mtu angedhani ugomvi umekwisha.

Tarehe 30 Septemba 2023 Tottenham ilicheza na Liverpool mjini London, na vibanda vya kutazamia mpira vya Nairobi huwa vimejaa siku kama hiyo. Luis Díaz alifunga bao safi katika kipindi cha kwanza, lakini mshika kibendera akaonyesha ameotea. Mwamuzi wa picha, Darren England, alitazama akaona Díaz hakuotea. Ila kichwani mwake alidhani uwanjani bao limekubaliwa. Basi akasema ukaguzi umekwisha, yaani kila kitu ni sawa. Refa Simon Hooper akasikia kuwa uamuzi wake ni sawa, na uamuzi wake ulikuwa bao si bao. Wote wawili walikubaliana neno moja, kila mtu na maana yake. Walipogundua, mchezo ulikuwa umekwisha anza tena na sheria haikuwaruhusu kurudi nyuma. Liverpool ikafungwa 2-1. Siku chache baadaye sauti zao zilitolewa hadharani, dunia ikawasikia wakibabaika.

Kamera chungu nzima, redio masikioni, na mtu wa picha hakutamka alichokiona! Angesema tu, Díaz hakuotea, Hooper angelikubali bao palepale. Wakubwa wa marefa wa Uingereza walikiri kosa, wakatangaza utaratibu mpya wa kusemezana ili mwamuzi wa picha na refa wahakikishe kwanza wanazungumzia uamuzi mmoja.

Robo fainali ile ya Kawangware iliamuliwa kwa penalti, wakashinda wale waliokataliwa bao. Marefa watatu walilipwa haki yao kwenye meza ya waandaji, wakahesabu. Mkubwa wao akavifungua vitambaa kutoka kwenye vijiti, akavikunja akavitia mfukoni, maana Jumapili vilikuwa na mechi nyingine.