Mashindano ya Baiskeli Usukumani: Mila, Mwendo na Usalama

Baada ya mavuno, vumbi la kiangazi likiwa limetanda, wakazi wa Shinyanga na Geita hupenda kushindana. Ngoma hushindana, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hali kadhalika, baiskeli hushindana. Chombo hiki kililetwa na wageni, lakini kwa muda mrefu kimekuwa mali ya Wasukuma: hubeba magunia ya mahindi, madumu ya maji, kuni na abiria. Mara nyingi katika mbio za vijijini, baiskeli ya kazi ndiyo hiyo hiyo ya mashindano. Mnyororo hutiwa mafuta, mkulima huipanda, na safari ya ushindi huanza.

Mila hii ina thamani kwa sababu mlango wake u wazi hata kwa mtu asiye na mali. Huenda basi mtu akauliza: ikiwa wazee walishindana bila kofia ngumu wala breki za kisasa, kwa nini vijana wa leo wavihitaji? Jibu ni kwamba mila haikubadilika, bali barabara imebadilika. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa mwaka 2025. Lami imechukua nafasi ya changarawe katika njia kuu, na pamoja nayo yamekuja malori na mabasi. Juu ya lami, baiskeli ile ile hukimbia zaidi.

Sheria ya mwendo

Nishati ya kitu kinachokwenda hutegemea uzito wake na mraba wa mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Tuchukue mfano wa mwendeshaji anayehitaji sekunde moja kutambua hatari, mwenye breki nzuri zinazopunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Akienda kilomita 20 kwa saa, atasimama baada ya mita 11 hivi. Akienda kilomita 40 kwa saa, atahitaji mita 32 hivi. Huo ni mfano wa breki nzuri. Raba iliyokwisha, au rimu ya chuma iliyolowa maji, huongeza umbali huo sana.

Kichwa nacho kina hesabu yake. Kikianguka kutoka kimo cha mita moja na nusu, hugonga chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama. Povu gumu lililomo ndani ya kofia hubonyea kwa sentimita moja au mbili, na hivyo kichwa husimama taratibu zaidi. Sentimita hizo chache zaweza kutenga jeraha dogo na kifo.

Mafunzo ya kwingine

Nchini Marekani yako mashindano ya magari yanayokimbia katika mstari ulionyooka. Kwa muda mrefu, kipimo chake kilikuwa robo maili, yaani mita 402, na mashabiki walikiona kuwa kiini cha mchezo. Mwezi Juni 2008, dereva Scott Kalitta alifariki huko New Jersey: injini ililipuka, na gari likapita mwisho wa njia bila kusimama. Mwezi uliofuata, njia ya magari yenye kasi kubwa kabisa ilipunguzwa hadi mita 305, ili ibaki nafasi zaidi ya kusimamia. Wapo walionung'unika kwamba mila imevunjwa. Hata hivyo, mchezo haukufa.

Katika baiskeli pia, waendeshaji wa kulipwa waligoma mwaka 1991 walipotakiwa kuvaa kofia ngumu katika mbio za Paris–Nice. Mwaka 2003, Andrey Kivilev alifariki baada ya kuanguka katika mbio hizo hizo, na mwaka huo huo kofia ikawa lazima.

Yafaayo kufanywa

Si lazima mkulima aachishwe baiskeli yake na kutakiwa kununua ya thamani kubwa. Kufanya hivyo kungeua mila yenyewe. Yatosha breki zikaguliwe kabla ya mbio, raba zilizokwisha zibadilishwe, waandaaji waazimishe kofia, na barabara ifungwe kwa magari. Mbele ya mstari wa mwisho paachwe nafasi ndefu isiyo na watu, kwa maana umati wa Usukumani hupenda kumkaribia mshindi, na mshindi huyo ndiye anayekuja kwa mwendo mkubwa kuliko wote.

Kinachorithiwa na vijana ni ushindani, ustahimilivu na heshima ya kijiji. Hatari haikuwa kamwe sehemu ya urithi huo.