Baba wa jamaa, karatasi zako ziko wapi?

Kila mwezi mufanyakazi anaona wamekata 5 kwa 100 kwenye mushahara wake, ananung'unika. Feza ile inaenda CNSS, kaisi ya serikali ya kusaidia wafanyakazi, zamani INSS, iliyoanzishwa 1961. Kampani nayo inatoa 13 kwa 100: 5 ya pansheni, 6,5 ya watoto, 1,5 ya hatari za kazi.

Lakini kaisi haijui sura ya bibi yako. Inajua karatasi. Ukifa kazini, mujane na yatima wataulizwa karatasi ya ndoa na ya kuzaliwa kwa kila mutoto. Hata kama mahari ililipwa yote mbele ya wazee, ndoa ya mila inapaswa kuandikishwa kwa serikali. Mutoto naye aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Ni sheria ya 2016. Na baba mwenye jina moja kwa kampani na lingine kwa komini anamwachia bibi mateso ya kuzunguka ofisi na ofisi.

Tena, ndugu, usifiche jeraha dogo. Jiwe limekuponda kidole, umefunga kitambaa kwa kuogopa kapita. Juma moja baadaye mukono umevimba: nani atashuhudia kwamba uliumia kazini? Mwambie kapita siku ile ile, uende dispansari, ajali iandikwe pamoja na majina ya walioona. Ajali ya njiani, ukienda kazini ao ukirudi nyumbani, inahesabiwa vilevile.

Jumapili hii, mbele ya kwenda kunywa, fungueni sanduku pamoja na bibi, muhesabu karatasi.