PIMA MAJI YA KISIMA CHAKO

Mkulima, maji ya kisima yaweza kuwa maangavu na matamu, kumbe yana arseniki. Sumu hii imeonekana katika baadhi ya maji ya Kanda ya Ziwa Victoria, penye miamba ya dhahabu. Anayeyanywa miaka mingi aweza kupata madoa ya ngozi, hata saratani. Kuchemsha hakuiondoi.

Mwombe mtaalamu wa maji wa wilaya apime kisimani. Hutia maji na dawa za unga katika chupa. Hewa itokayo hugusa karatasi nyeupe. Karatasi ikigeuka manjano au kahawia, arseniki imo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita. Ikizidi, maji hayo yatumie kufulia tu. Ya kunywa na kupikia yateke kisima kingine kilichopimwa.