Upitishaji wa hewa darini

Upitishaji wa hewa darini ni utaratibu wa kuondoa joto linalojikusanya katika nafasi iliyopo kati ya paa na dari ya nyumba. Katika mji wa Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania, ambako nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, jambo hili hugusa usingizi na afya ya wakazi, hasa miezi ya Desemba hadi Machi.

Chanzo cha joto

Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima, hivyo paa hupokea miale mingi kuliko kuta. Bati hupata moto upesi, huipasha hewa iliyo chini yake na kurusha joto kwenye dari. Paa la makuti halipitishi joto kwa urahisi hivyo, na hewa hupenya kati ya makuti. Anayeezua makuti na kuweka mabati hupata paa linalodumu, lakini hupoteza ubaridi huo.

Njia

* Matundu ya chini na ya juu: hewa ya nje huingia chini ya upenu, hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kutokea karibu na kofia ya paa. Njia hii hufanya kazi hata pasipo upepo wala umeme.
* Matundu ya kuta za pembeni: huwekwa juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana. Hutegemea upepo, hivyo hufaa zaidi yakielekea kaskazi na kusi.
* Feni ya umeme: hutoa hewa nyingi, lakini husimama umeme ukikatika. Matundu ya kuingizia hewa yakiwa madogo, huvuta hewa ya vyumbani kupitia nyufa za dari, hata iliyopozwa kwa kiyoyozi.

Kuchagua

Kwa nyumba nyingi za pwani njia ya kwanza ndiyo bora. Kanuni za ujenzi za Marekani hutaka matundu yenye eneo la 1/150 ya dari, au 1/300 yakigawanywa karibu sawa chini na juu. Kwa dari ya mita za mraba 90, hiyo ni mita za mraba 0.6 au 0.3. Kipimo hicho kilitokana na kuzuia unyevu katika nchi za baridi, hivyo pwani kichukuliwe kama kiwango cha kuanzia.

Mbu, popo na chumvi

Mbu wa Anofelesi, wanaoeneza malaria, hupenda kuingia kupitia upenu ulio wazi; popo nao hukaa darini. Kila tundu lahitaji wavu, na kwa kuwa wavu hupunguza hewa, tundu liongezwe ukubwa. Wavu wa plastiki haushikwi na kutu ya hewa ya bahari. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, watafiti walijenga nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba inaweza kupoa na kupunguza mbu kwa pamoja.

Mipaka

Matundu huondoa hewa ya moto, lakini hayazuii joto linalorushwa na bati lenyewe. Kwa hiyo huambatanishwa na rangi nyeupe juu ya bati, au karatasi ya alumini chini yake.